Kibali cha Anga, Kibali cha Ardhi

Machi 2016, droni ndogo iliruka kutoka kituo cha afya cha mtaani jijini Lilongwe, ikavuka paa za nyumba kwa kilomita kama 10 hivi, ikatua kwenye maabara ya Hospitali Kuu ya Kamuzu. Ilikuwa imebeba sampuli za kuigiza. Zingekuwa za kweli, zingekuwa matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi, yale anayotobolewa mtoto mchanga ili ijulikane kama ameambukizwa virusi vya UKIMWI na mama yake. Mwaka 2014 karibu watoto 40,000 walizaliwa Malawi na akina mama wanaoishi na virusi hivyo. Kwa barabara, kwa pikipiki au gari la wagonjwa, sampuli ilichukua wastani wa siku 11 kufika maabara, na majibu yaliweza kuchukua hadi wiki 8 kurudi kwa mama. Kwa mtoto wa umri ule, wiki 8 ni nyingi mno.

Picha za siku ile zinaonyesha watu wakitazama juu. Kilichonivutia mimi kilikuwa chini, mezani: kabla ya ile mashine kunyanyuka, ofisa wa serikali alilazimika kukubali iruke juu ya jiji lenye watu. Droni zilikuwepo tayari duniani, na UNICEF walikuwa na wataalamu na fedha za kuzijaribu. Kilichokosekana mahali pengi, hata katika nchi tajiri, kilikuwa ni serikali iliyo tayari kusema ndiyo.

Malawi ilisema ndiyo, kisha ikaongeza. Juni 2017, serikali na UNICEF walizindua ushoroba wa droni kwenye uwanja mdogo wa ndege wa Kasungu, kaskazini ya Lilongwe. Ushoroba huo ulikuwa duara lenye nusu kipenyo cha kilomita 40, na ndani yake kampuni, vyuo na mashirika waliruhusiwa kurusha mashine zao hadi mita 400 kutoka ardhini. Masharti yalikuwa wazi: jaribu kupiga picha za anga wakati wa mafuriko na ukame, jaribu kupeleka mawasiliano pasipo na mnara, jaribu kusafirisha dawa na sampuli. Ulifunguliwa kwa muda uliotajwa, mwaka mmoja kwa kuanzia, ili serikali nayo ione yatakayotokea. Haukuwa na mfano barani Afrika.

Tuangalie bei yake. Nchi ambayo bajeti yake kwa miaka mingi imeegemea wafadhili haina mabilioni ya kumwaga kwenye maabara. Ilichokuwa nacho Malawi ni anga tupu, ndege chache na, huko Kasungu, ardhi tambarare. Hayo ilikuwa nayo tangu zamani na hayakuiletea mhandisi hata mmoja. Yalianza kuzaa siku Idara ya Usafiri wa Anga ilipoandika nani aruke, wapi, juu kiasi gani, na nani awajibike mashine ikianguka. Wahandisi wakafunga mizigo kutoka Ulaya na Marekani, wakaja Kasungu.

Walipokuja, hawakuja na mashine peke yake. Timu ya chuo cha Virginia Tech ilifika na wazo la ndege ya bei nafuu iitwayo EcoSoar: mabawa ya mbao za povu, kama zile zinazobandikwa matangazo, na viungio vya plastiki vinavyochapishwa kwa mashine ya tatu-dimensheni. Ikivunjika porini, unakata bawa jingine, unachapisha kiungio kingine, unaruka tena. Vijana wa Kimalawi walifundishwa kuijenga kwa mikono yao, wakairusha kilomita 19 kutoka Kasungu hadi kijijini ikiwa na mzigo wa majaribio wa dawa. Januari 2020 kikafunguliwa Lilongwe Chuo cha Droni na Takwimu cha Afrika, wanafunzi wa kwanza wakiwa 26, kutoka Malawi na nchi nyingine za bara hili. Tangu saini ya kwanza hadi darasa la kwanza, ilikuwa miaka isiyofika minne.

Mtu anaweza kusema ni bahati tu. Basi atazame Mitundu, nje kidogo ya Lilongwe, ambako Aprili 23, 2019 chanjo ya malaria ilianza kutolewa kwa watoto katika mpango wa majaribio wa kitaifa, Malawi ikitangulia na Ghana na Kenya zikifuata mwaka huohuo. Chanjo hiyo ilitafitiwa kwa miongo mitatu na kampuni na vyuo vya mbali. Ili kuipeleka kliniki za kawaida, Wizara ya Afya ilipaswa kukubali kuwa ya mwanzo, ikijua kwamba wa mwanzo ndiye hulaumiwa mambo yakiharibika. Tabia ni ileile ya kusema ndiyo.

Njia nyingine ya kuinua sayansi, ile ya majengo, Malawi nayo imeipita. Sheria ya Sayansi na Teknolojia ilitungwa mwaka 2003 na kuzaa Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Malawi, MUST, kilijengwa Ndata, wilayani Thyolo, kwa mkopo wa China, kikapokea wanafunzi wa kwanza mwaka 2014. Wapo waliouliza kwa nini kiko jirani na shamba la hayati Rais Bingu wa Mutharika, na swali lenyewe si baya, lakini leo kinatoa wahandisi na hilo ndilo la msingi. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Malawi kiligawanywa, Politeknik ya Blantyre ikawa chuo kikuu kinachojitegemea cha biashara na sayansi tumizi. 

Kasungu, lakini, ina hadithi nyingine inayojulikana zaidi kuliko droni zote. William Kamkwamba wa Wimbe alikatishwa masomo ya sekondari wakati wa njaa ya 2001 na 2002 kwa kukosa ada, akasoma vitabu vya fizikia kwenye maktaba ya shule ya msingi, akaunda kinu cha upepo kwa dainamo ya baiskeli na vyuma vya jalalani. Dunia inaipenda hadithi hiyo. Huwa nakereka kidogo ninapoisikia ikisimuliwa kama uthibitisho kwamba kipaji hujitafutia njia chenyewe. Kipaji kile kilikuta maktaba. Vitabu vililetwa kwa mpango maalumu, na kulikuwa na mtu wa kuvipanga rafuni. Kilichomkwamisha kijana yule kilikuwa uamuzi wa serikali kuhusu ada, na ada za masomo za sekondari zilikuja kufutwa mwaka 2018, yeye akiwa keshaandikiwa vitabu. Wangapi walikosa vyote viwili, maktaba na ada, hakuna aliyewapiga picha.

Kipaji kingine ambacho hakijapigwa picha kiko Lilongwe, kwa hiyo twende sasa Area 23.

Mgeni wa Lilongwe hupotezwa na namba za mitaa yake. Hazifuati ujirani, zilitolewa kwa kadiri maeneo yalivyopimwa na wapangaji wa mji mkuu mpya, na mji wenyewe ni zao la amri ya serikali. Rais Kamuzu Banda alitaka makao makuu yahame Zomba, Waingereza wakamkatalia fedha, akakopa kwa Makaburu wa Afrika Kusini, na mwaka 1975 Lilongwe ikawa mji mkuu. Area 23 ni mtaa wa watu wa kawaida: nyumba zilizobanana, minibasi, wauza nyanya, makanisa na misikiti. Ni mmoja wa mitaa ambako Kiswahili cha Bukavu, Uvira na Bujumbura husikika kibarazani, kinyozini na dukani, kikichanganywa na Chichewa bila mtu kuona ajabu. Hapo, kama katika kila mji wa Kiafrika wenye watu waliokimbia vita, utamkuta fundi simu.

Msimamie fundi mzuri wa simu kwa nusu saa. Mezani ana mita, chuma cha kuchomelea, mashine ya kupuliza hewa moto, kioo cha kukuzia, mswaki uliochakaa na chupa ya spiriti. Simu iliyoletwa haiwaki. Haanzi kwa kubadilisha betri, maana hiyo ni kazi ya kubahatisha. Anaitoa bodi, anaiunga na kifaa cha kutolea umeme chenye namba zinazoonyesha ampea, kisha anatazama kabla hajagusa kitufe cha kuwashia. Bodi nzima ikiwa imezimwa haipaswi kuvuta umeme. Hii inavuta, kwa hiyo kuna shoti mahali. Anafungua mchoro wa bodi alioupakua mtandaoni, anafuata njia kuu ya umeme, anaingiza volti kidogo tu kwenye njia yenye shoti, halafu anapaka spiriti juu ya bodi kwa mswaki. Kisha anatulia. Spiriti inakauka polepole kote, isipokuwa sehemu moja ambako inatoweka kwa haraka: kapasita yenye ukubwa wa punje ya mchanga, iliyoungua ndani na sasa inapata moto. Anaing'oa kwa hewa moto. Ampea zinashuka hadi sifuri. Simu inawaka.

Alichokifanya ni utafiti kamili: alidhani, akapima, akaondoa asichokitaka, akathibitisha. Katika chuo cha uhandisi, zoezi hilo lingekuwa na alama zake na saini ya mwalimu. Hapa lina bei ya maelewano. Na fundi huyu akiwa ni mkimbizi, kisheria huenda hata kibarazani hapo hapaswi kuwepo.

Mahali anapopaswa kuwepo ni Dzaleka, wilayani Dowa, safari ya kilomita karibu 50 kutoka jijini. Jina hilo kwa Mmalawi mzee halina harufu ya ukimbizi, lina harufu ya jela: wakati wa Banda, wapinzani wa kisiasa walifungwa hapo. Mwaka 1994, utawala wa chama kimoja ulipokuwa umefika mwisho, mahali hapo pakageuzwa kambi, wakati Burundi ikiwaka baada ya kuuawa kwa Rais Ndadaye na Rwanda ikipitia mauaji ya kimbari. Baadaye zikafuata vita za Kongo zisizokwisha. Kambi iliandaliwa kwa watu 10,000 hadi 12,000. Leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao Wakongomani, na watoto wanazaliwa hapo kila siku.

Sasa angalia kilichoota mahali hapo bila serikali kukipanda. Mwaka 2010, Wajesuiti walichagua Dzaleka na Kakuma ya Kenya kujaribu elimu ya juu kwa mtandao, wanafunzi wa kambini wakisoma stashahada ya Chuo Kikuu cha Regis cha Marekani. Wa kwanza walihitimu mwaka 2013. Remy Gakwaya, mkimbizi kutoka Burundi, alianzisha TakenoLAB, ambako vijana wa kambini wanafundishwa kuandika programu za kompyuta na simu. Kijana anajifunza kuandika msimbo, anakosea, anausahihisha, anatengeneza programu inayofanya kazi kwenye simu ya jirani yake. Ukiwa na umeme, intaneti na mwalimu mwenye subira, kompyuta haikuulizi kibali cha kuishi.

Wengine wanaokuuliza ni wengi. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 tarehe 10 Desemba 1987, lakini wakati wa kujiunga iliorodhesha ibara tisa ambazo haikutaka ziifunge mikono. Ukizisoma kwa jicho la mtu wa sayansi utashangaa jinsi zilivyolenga. Ya 17 inahusu ajira ya mshahara: Malawi ilikataa kumwondolea mkimbizi wajibu wa kuomba kibali cha kazi, hata akiwa ameishi nchini miaka mingi. Ya 19 inahusu taaluma, yaani haki ya mtu mwenye diploma inayotambulika, awe mhandisi, daktari au mwanasheria, kufanya kazi yake. Ya 22 ni elimu ya umma, pamoja na kutambuliwa kwa vyeti vya nje na kupunguziwa ada. Hizo mbili, Malawi ilitamka kwamba itazichukua kama mapendekezo tu, yasiyo na nguvu ya sheria juu yake. Na ya 26 ni uhuru wa kwenda utakako: serikali ilijiwekea haki ya kuamua mkimbizi akae wapi. Sheria ya Wakimbizi ya 1989 ikafuata.

Nisingependa kuwasimanga walioandika hayo. Mwaka 1987 Msumbiji ilikuwa inateketea, na watu walivuka mpaka kwa maelfu kila mwezi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 Malawi, nchi ya watu wasiofika milioni 10 na miongoni mwa maskini zaidi duniani, ilikuwa imehifadhi Wamsumbiji zaidi ya milioni moja. Serikali yoyote katika hali hiyo ingeogopa kuahidi ajira na vyuo. Wamsumbiji wale, hata hivyo, walirudi kwao baada ya amani ya 1992. Masharti yaliyoandikwa kwa ajili yao yalibaki, na waliokuja kuyakuta ni watu wa namna nyingine: walimu wa fizikia kutoka Kivu, mafundi umeme wa Bujumbura, watoto waliofika migongoni mwa mama zao na sasa wana vyeti vya sekondari vya Malawi.

Hawa wa mwisho ndio wanaonitatiza zaidi. Msichana aliyezaliwa Dzaleka anasoma kwa mtaala wa Malawi, kwa Kiingereza na Chichewa, anafanya mtihani uleule wa kumaliza sekondari na Mmalawi wa Mponela, unasahihishwa na baraza lilelile. Akipata alama za juu kabisa katika hisabati na fizikia, kwenye lango la chuo kikuu cha umma anakuwa mgeni: ada ya mgeni, na hana mkopo wa serikali. Mlango mmoja ulio wazi ni wa shirika la Kanada, WUSC, ambalo kila mwaka huchagua vijana wachache kutoka kambi kadhaa za dunia, Dzaleka ikiwemo, na kuwapeleka vyuo vikuu vya Kanada wakiwa wakazi wa kudumu. Wazazi kambini hushangilia, na wana haki. Tukitazama kwa jicho la sera, Malawi imetoa ardhi, na walimu wa Kimalawi wamemfundisha mtoto huyu hadi kidato cha nne. Kanada inampokea akiwa tayari. Wakanada si wajanja kuliko wengine. Wana kanuni inayowaruhusu kumchukua.

Historia inayo nchi iliyofanya kinyume, nayo ilikuwa maskini. Aprili 1933, Ujerumani ya Hitler ilitunga sheria ya kuwafukuza Wayahudi na wapinzani kwenye utumishi wa umma, vyuo vikuu vikiwemo. Mtaalamu wa patholojia Philipp Schwartz alikimbilia Zürich, akaunda chama cha kuwatafutia wenzake kazi. Wakati huohuo Uturuki ya Atatürk ilikuwa inavunja chuo chake cha zamani cha Istanbul ili kujenga kipya. Julai mwaka huo Schwartz alikutana na waziri wa elimu, Reşit Galip, mjini Ankara, na makubaliano yakafikiwa kwa haraka ya ajabu. Chuo cha zamani kilifungwa Julai 31, kipya kikafunguliwa Agosti 1. Wakaja wanahisabati kama Richard von Mises, wakaja wanakemia, wanafalaki na madaktari. Mikataba yao ilikuwa na masharti: profesa ajifunze Kituruki ndani ya miaka mitatu, na aandike vitabu vya kiada kwa ajili ya wanafunzi wa nchi. Ernst Reuter, aliyekuja kuwa meya wa Berlin Magharibi baada ya vita, alifundisha mipango miji Ankara, nao ukiwa mji mkuu mpya uliochorwa na serikali, kama Lilongwe.

Tusiipambe Uturuki. Iliwachagua mashuhuri, na wakimbizi wa kawaida wengi haikuwafungulia mlango. Ninachokichukua hapo ni zile sentensi mbili za mkataba, lugha na vitabu. Serikali ile ilijua inachotaka kutoka kwa wageni wake, ikakiandika, ikakipata. Korea Kusini mwaka 1966 ilipoanzisha taasisi yake ya sayansi na teknolojia, KIST, chini ya Choi Hyung-sup, ilifanya vivyo hivyo kwa Wakorea waliokuwa ughaibuni: iliwaita kwa majina, ikawapa nyumba na mishahara ya kuwavuta.

Karibu zaidi na nyumbani, Uganda kwa Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea nchini. Tanzania mwaka 2014 iliwapa uraia Warundi wapatao 162,000, wale waliokimbia mwaka 1972 pamoja na watoto wao, ingawa waliokuja baadaye imewafungia kambini kama kawaida. Kenya ilitunga sheria mpya mwaka 2021 inayofungua milango ya kazi, utekelezaji wake ukienda kwa kusuasua. Hakuna kati ya hizo iliyoandikwa kwa kuwaza sayansi, lakini daktari au mhandisi anayetoka Goma hutazama ramani, naye anajua nchi gani itamruhusu kufungua begi lake la kazi.

Malawi ilichagua upande mwingine. Machi 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi wote wanaoishi mijini warudi Dzaleka ifikapo katikati ya Aprili. Mei ikaanza misako. Kwa mujibu wa Human Rights Watch, zaidi ya watu 400 walikamatwa, wakiwemo watoto zaidi ya 100, wengine wakashikiliwa katika gereza la Maula. Maduka yalifungwa yakiwa na bidhaa ndani. Mezani pa fundi, mita na mashine ya hewa moto vinaingia kwenye mfuko mmoja, vinabebeka. Wateja wa jiji hawabebeki, na kambini ambako mgao wa chakula hupunguzwa wafadhili wanapochoka, nani ana kwacha za kulipia kapasita?

Upo upande wa pili, na sitaki kuupita. Wafanyabiashara wa Kimalawi wamelalamika kwa miaka kwamba wageni wanawafunika sokoni. Wahitimu wa MUST na wa Blantyre wanazunguka na bahasha wakitafuta kazi. Wanakijiji wa Dowa wanaoizunguka kambi hawana umeme, na wanauliza kwa nini mkimbizi afundishwe kompyuta kabla ya mtoto wao. Mbunge anayetaka kura atasikiliza hao. Lakini malalamiko ya sokoni ni ya rejareja: sukari, vitenge, mafuta ya kupikia. Sijasikia mgomo wa Wamalawi dhidi ya walimu wa fizikia. Shule za sekondari za vijijini hazina walimu wa sayansi wa kutosha, na mwalimu mmoja wa fizikia akiingia darasani haondoi riziki ya yeyote. Maabara ya kompyuta ikijengwa Dzaleka, watoto wa Dowa wanaweza kukaa kwenye viti vilevile, kama shule na zahanati za kambi zinavyowapokea wenyeji tangu zamani.

Kwa hiyo ningependa wanaotunga sera Capital Hill, makao ya serikali jijini Lilongwe, wasome tena faili lao wenyewe la Kasungu. Pale hawakufungua anga ya nchi nzima. Walichora duara, wakaweka kimo, wakaweka muda, wakasema nini kijaribiwe, wakaangalia. Mbinu hiyohiyo inafaa kwa watu: kibali cha miaka miwili kwa mkimbizi mwenye shahada ya hisabati, fizikia au uhandisi, afundishe au afanye kazi wilaya iliyotajwa, vyeti vyake vya Bukavu au Bujumbura vikipimwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu kwa mtihani kama itabidi, na sharti la Kituruki likiwekwa pia, ajifunze Chichewa. Kwa vijana waliomaliza sekondari ndani ya Malawi, waingie MUST kwa ada ya mwenyeji, wakifungwa kwa mkataba wa kuitumikia nchi miaka kadhaa. Kwa fundi wa Area 23, apewe mtihani wa ufundi wa serikali na, akifaulu, leseni. Ikionekana madhara, muda unakwisha na duara linafutwa.

Kwa upande wa mkataba wa 1951, kazi ni nyepesi kuliko wengi wanavyodhani. Ibara ya 42 inasema nchi iliyoweka masharti yake inaweza kuyaondoa wakati wowote kwa kumwandikia Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Mkutano wa kimataifa hauhitajiki, wala ridhaa ya nchi nyingine, wala kuondoa yote tisa kwa mpigo. Ile ya 26, inayoigusa polisi na usalama, inaweza kubaki ikijadiliwa. Ya 19 inaweza kuondoka peke yake mwaka huu, na ya 22 ikafuata kabla vyuo havijapokea wanafunzi wapya.